Idjwi, kisiwa chenye bami wawili

Mtu wa Nguba, mtaa wa Bukavu, anaijua Idjwi, kisiwa cha Ziwa Kivu, kwa mananasi, kahawa na boti zinazochelewa. Habari za utawala wake hazivuki maji kwa urahisi. Kwa ukubwa, kisiwa hiki hakiachwi mbali na Malta, nchi ya Mediterania yenye kilomita za mraba 316. Na kama Malta, kimegombaniwa na kila mwenye vyombo vya majini. Malta ilipata uhuru wake 1964. Idjwi ilibaki sehemu ya Kivu, upande wa Kongo.

Ukoo wa Basibula ulishika utawala mwanzoni mwa karne ya 19, chini ya mwami (mfalme; wingi: bami) Mwendanga. Hakukuta kisiwa kitupu: Bambuti walikuwamo, na koo zilizovuka kutoka ng'ambo zote za ziwa. Ufalme ulisimama juu ya koo hizo. Katika muganuro, sherehe ya mazao mapya, koo ziligawana kazi za ibada, na bila ibada hiyo mwami alikuwa mwenye ng'ombe wengi tu.

Rwabugiri, mfalme wa Rwanda, hakuwa na subira ya mambo hayo. Alikishambulia kisiwa kwa mitumbwi, akisaidiwa na Nkundiye, mtoto wa Mwami Kabego mwenyewe. Kabego aliuawa. Baadaye Nkundiye naye alikosana na mshirika wake, jambo lisilomshangaza yeyote aliyezaliwa kwenye mpaka huu wa Kongo na Rwanda. Rwabugiri alikalia Idjwi kwa miaka, akafariki 1895 akiwa njiani kuushambulia ufalme wa Bushi. Hapo Basibula wakarudi, na Mihigo akatawala. Nadhani mshindi alipata ardhi na ng'ombe, koo zikabaki na ufalme.

Wazungu waliamua hatima ya kisiwa mezani. Mkataba wa 1910 uliwapa Wabelgiji Idjwi, mpaka ukapita mashariki yake. Septemba 1914 Wajerumani wakaiteka, wakaondoka 1916.

Leo sheferi, yaani maeneo ya utawala wa jadi, ni mbili, kila moja na mwami wake: Rubenga kaskazini, Ntambuka kusini. Juu yao kuna administreta wa teritwari, anayeteuliwa na Serikali na kuhamishwa na Serikali. Bami wanarithi na hawahami. Tofauti hiyo inaonekana zaidi kwenye mashamba. Sheria ya ardhi ya 1973 inasema ardhi yote ni mali ya Serikali, lakini huko Idjwi, anayetafuta shamba huanzia kwa mwami au kwa mkubwa wa kijiji aliye chini yake, na karatasi za Serikali hufuata, zikifuata.