Mnara wa Rugomora Mahe: Picha, Kisakale na Historia katika Vitabu vya Watoto

Wahakiki wengi wa fasihi ya watoto wakifika kwenye picha huandika sentensi moja tu, kwamba michoro inavutia na inamsaidia mtoto kuelewa, kisha haraka haraka wanarudi kwenye dhamira na wahusika. Hata kwenye semina zetu ndivyo tunavyofanya. Mimi nadai kwamba katika vitabu vya historia, wasifu na visakale, picha si pambo hata kidogo. Mchoraji akishachora, ameamua jambo ambalo msimulizi aliliacha wazi.

Tuanze na Liyongo, maana huyu kila mwanafunzi wa Kiswahili anamjua. Muhammad Kijumwa alipotunga utenzi wake mwaka 1913 alikuwa na maneno, na maneno yana uhuru wake. Unaweza kumsifu shujaa kwa kimo usitaje futi ngapi. Wataalamu nao wanavutana hata juu ya karne aliyoishi. Lakini kampuni ya Sasa Sema ya Nairobi ilipotoa kisa chake kwa katuni, mchoraji hakuwa na pa kujificha. Lazima Liyongo awe na kimo, na uso, na nguo. Akichorwa jitu, mtoto anasoma ngano; akichorwa mtu kama baba yake, anasoma historia. Kalamu ya mchoraji haijui kusema "inasemekana". Na Abunuwasi je? Gado alimtolea kitabu cha katuni mwaka 1996, kampuni hiyo hiyo. Watoto wangapi wanajua kwamba nyuma ya yule mjanja kuna mshairi halisi wa Baghdad, aliyefariki mwanzoni mwa karne ya 9?

Mkwawa ni mfano mgumu zaidi, kwa sababu yeye ana tarehe. Lugalo ni Agosti 1891, Kalenga ilianguka Oktoba 1894, na yeye akajiua Julai 1898 ili asikamatwe na Wajerumani. Mulokozi, mwana wa Kagera, amewaandikia vijana riwaya juu ya vita hivyo, Ngome ya Mianzi. Sasa mpe mchoraji fuvu lililorudishwa Uhehe mwaka 1954. Atachora fuvu, basi. Hatachora kwamba Gavana Twining alilichagua miongoni mwa mafuvu mengi ya jumba la makumbusho la Bremen kwa kulinganisha vipimo, na kwamba hadi leo wapo wanaohoji kama ndilo lenyewe. Kwenye picha shaka yote imefutika.

Nimekuja mbali kidogo, lakini nilitaka nifike nyumbani.

Kusini ya mji wa Bukoba, upande wa Maruku, kuna kijiji cha Katuruka. Wazee wa huko walisimulia kwamba Omukama Rugomora Mahe wa Kyamutwara alitamani kujua mbinguni kukoje, akawaita wafua chuma wamjengee mnara wa chuma ufike juu. Mnara ulianguka. Alama ya habari hiyo ilikuwa mti wa Kaiija, na jina lenyewe linahusishwa na mahali pa kufulia chuma. Mwanaakiolojia Mmarekani, Peter Schmidt, aliwasikiliza wazee hao tangu mwishoni mwa miaka ya 1960, kisha akachimba pale pale walipomwonyesha. Akakuta mabaki ya kazi ya chuma. Mkaa wake ulipopimwa ulionyesha umri wa zaidi ya miaka 2000, wakati Rugomora Mahe mwenyewe anakadiriwa kutawala katika karne ya 17.

Hebu tuelewane hapa. Kisakale kilikosea tarehe na mwenye kazi, lakini kilishika mahali na kilishika chuma. Bila hadithi, jembe la mtafiti lisingejua pa kuanzia. Mfalme aliyekuja baadaye sana aliifanya kazi ya mafundi wa kale kuwa yake, na hadithi ikamkubalia. Hiyo ndiyo historia ya utawala kwa ufupi! Atakayesema kwamba kumwandika Rugomora Mahe ni kuwarudishia watoto heshima ya wafalme na machungu ya nyarubanja, namjibu kwamba hajakisoma kisa vizuri. Mfalme alitamani tu. Waliofua ni wengine, na kilichojengwa kilianguka.

Likizo iliyopita niliwasimulia watoto wa jirani zetu Nshambya, nikawapa karatasi wachore. Mmoja alichora mnara wa simu, na nyaya zake zote. Mwingine alichora mnara wa kanisa kuu letu la Bukoba, akaweka mfalme juu badala ya msalaba. Walicheka sana, na michoro ilikuwa mizuri. Ila hakuna aliyechora ardhi. Kila karatasi ilianzia kwenye nyasi kwenda juu.

Wasingejua, maana shuleni kisakale kimewekwa kwenye kipindi cha Kiswahili na historia kwenye kipindi chake, na vipindi hivyo havisalimiani. Nyumbani nako wasimulizi wamepungua. Kagera ndiko wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini walikotambuliwa, mwaka 1983, na miaka iliyofuata ilichukua wazazi ambao leo wangekuwa babu na bibi wanaosimulia. Mwishoni mwa miaka ya 2000 wanakijiji wa Katuruka walianza wenyewe kukusanya na kuhifadhi urithi wao. Kazi nzuri, lakini mtoto wa darasa la tatu anahitaji kitu cha kushika mkononi.

Wachapishaji watasema soko ni dogo: nani Mtwara atanunua kitabu cha mfalme wa Wahaya? Swali hili lina jibu la kihistoria. Mradi wa Vitabu vya Watoto ulioanza 1991 ulinunua sehemu kubwa ya nakala na kuzigawa mashuleni, ndiyo maana vitabu vingi ambavyo soko lisingevibeba vilichapishwa. Na mbona sisi wa Kagera tunamsoma Mkwawa bila kuuliza yeye ni kabila gani?

Kitabu ninachokitaka kina kurasa ndefu za kufungua kwenda chini. Juu kabisa mfalme na mnara wake, umechorwa kwa wino mwepesi kama kitu kilichosikiwa tu. Katikati mti wa Kaiija na mzee anayesimulia, mgeni ameketi na daftari. Chini, kwa wino mzito, udongo, mkaa, vipande vya tanuri, na mafundi ambao majina yao hakuna aliyeyahifadhi. Mtoto aanze popote apendapo.