Msamiati na Jamaa Zake: Rai Juu ya Ufundishaji wa Maneno Skulini

Imekuwa ada katika skuli zetu, za pwani na za bara, kwamba habari ya ufahamu ikishasomwa mwalimu huandika ubaoni safu mbili, upande huu maneno mageni na upande wa pili maana zake, na wanafunzi wakayanakili madaftarini kwa utulivu mkubwa. Na juma la pili wakiulizwa maneno yale yale, aghalabu huyakumbuka kwa kadiri ya mtu aliyehadithiwa ndoto ya mwenziwe. Walimu hulaumu uvivu wa watoto. Rai yangu ni kwamba lawama hiyo imemwangukia asiyestahiki, kwa kuwa neno lililotengwa na jamaa zake na kuvuliwa kazi yake halina pa kushikiwa, hata na mwenye akili nyepesi.

Mwaka 1885 mwanachuoni wa Kijerumani, Hermann Ebbinghaus, alitoa kitabu juu ya kumbukumbu, kilichotokana na majaribio aliyoyafanya juu ya nafsi yake mwenyewe kwa kuhifadhi silabi zisizo na maana yoyote. Na alipozilinganisha na beti za mshairi wa Kiingereza, Byron, alizozihifadhi vilevile, alibaini kwamba beti zilimgharimu takriban sehemu moja katika kumi ya taabu ya silabi. Kwa mtoto ambaye maneno kama azma, dhima na hujuma hajapata kukutana nayo popote isipokuwa ubaoni, orodha ya mwalimu haipishani sana na silabi zile za Ebbinghaus.

Ili tuone neno likiwa pamoja na jamaa zake, na tuutazame mnazi. Mtoto wa Makunduchi au wa Lamu akiulizwa tunda lake huitwaje, atajibu nazi, naye atakuwa amejibu nusu; maana tunda hilo lingali changa kabisa ni kidaka, likikua kidogo ni kitale, likijaa maji matamu ni dafu, dafu likianza kukaza nyama bila ya kukomaa ni koroma, ndipo ije nazi, na nazi ikikaukia ndani ya kifuu chake hata ikagongagonga ni mbata. Mwalimu akiyapanga majina hayo sita ubaoni, amezidisha mzigo tu. Lakini akija darasani na kikapu, akawaachia wanafunzi wayatikise matunda masikioni, wakabishana kama hili limekwisha kuwa koroma au lingali dafu, kila jina litapata mahali pake kwa kupakana na jirani yake. Akiweka na mbuzi ya kukunia, mmoja akakuna, mwingine akachuja kwa kifumbu, tui la kwanza likatengwa na la pili na chicha zikabaki, vitenzi navyo vitaingia vyenyewe: nani amemchujia nani, tui limechujika au bado, na hapo hapo utazuka mchujo wa timu za mpira, ambao wavulana waliujua tangu zamani bila ya kuunasibisha na kifumbu cha mama zao.

Hapana amwambiaye mwalimu wa Kongwa, kule bara, asafirishe minazi. Huko uko muhindi, wenye bua lake na gunzi lake, na kazi za kupukuchua, kukoboa, kupepeta na kusaga, ambazo mtoto huzifanya nyumbani kila msimu, ilhali skulini hufundishwa maneno ya bandarini.

Fauka ya hayo tunacho kitendawili, mchezo ambao wazee waliutumia kufundisha lugha pasipo kuuita somo. Mtegaji asemapo kuku wake ametagia miibani, mteguzi hana budi azingatie kwamba kuku hakutaga tu bali ametagia, na kwamba miibani ndipo mahali pa kutagia, kabla ya kulifikia nanasi. Na akishindwa hudaiwa mji, akatoa Mombasa au Tabora, ndipo afunguliwe. Kule kuhangaika kabla ya kuambiwa ndiko kunakokaza neno moyoni. Sisi tumekichukua kitendawili hicho tukakitia katika karatasi ya mtihani, majibu yamekwisha kupangwa chini yake kwa herufi, hapana anayetega wala anayetoa mji, kisha tukastaajabu kwamba watoto hawavipendi vitendawili.

Nitajibiwa kwamba madarasa yamefurika na mtaala haungoji. Kweli, lakini kutegana kwa makundi mawili hakuhitaji zana, na darasa kubwa hulichangamsha zaidi kuliko dogo. Hoja nzito ni nyingine, nayo ni kwamba maneno ya maana tupu hayaletwi kwa kikapu. Kwa mengi katika hayo hufaa kuwatuma wanafunzi wakawinde jamaa zake: hukumu iwaongoze kwa hakimu na mahakama, kitabu kiwaongoze kwa katibu, maktaba na mkataba, na katika mbio hizo watoto waliopitia chuo cha Kurani kwa maalimu, wakazoea asili hizo za Kiarabu, huwatangulia wenzao, jambo ambalo mwalimu mwerevu atalitumia kwa kuwatawanya makundini.

Yabakia maneno kama lau, ilhali na madhali, yasiyo na kitu cha kushikwa mkononi wala ukoo ulio rahisi kufuatwa. Kwa hayo sioni mchezo ufaao, na yanayobuniwa aghalabu huwachekesha wanafunzi bila ya kuwafunza. Hayo mwanafunzi na ayatumie katika insha, akosee, asahihishwe kwa wino mwekundu, na aandike tena.