Picha na Njia: Kunakili Bodi za Saketi katika Bonde la Ufa la Kati

Historia ya vifaa vya umeme katika Bonde la Ufa la kati imeelezwa zaidi kutoka upande wa wanunuzi, yaani redio zilizoingia, betri zilizouzwa na simu zilizofungwa maofisini, kuliko upande wa mafundi walioendelea kuvifufua vifaa hivyo muda mrefu baada ya watengenezaji wake kuacha kuviundia vipuri. Hata hivyo, ni katika upande huu wa pili ambako lilizuka swali ambalo baadaye lingerudi kwa sura ya hesabu: je, kunakili bodi ya saketi, yaani ubao mwembamba wenye njia za shaba zinazopitisha umeme kutoka kipande kimoja hadi kingine, ni kunakili picha au ni kufuata njia? Mafundi walilijibu swali hilo kwa mikono, na mashine ya kuchonga inayoongozwa kwa nambari imewalazimisha warithi wao kulijibu upya.

Ukubwa wa soko lililowalea mafundi hao unaweza kukisiwa kutokana na kiwanda cha betri kilichoanzishwa Nakuru mwaka wa 1967, ambacho baadaye kilijulikana kwa jina la Eveready East Africa na ambacho kiliendelea kutengeneza betri kavu hadi kilipofungwa mwaka wa 2014. Betri hizo ziliendesha tochi na redio za transista katika nyumba ambazo nguzo za umeme hazikuwa zimezifikia, na redio ya mkulima wa Molo au Subukia ilipozimika, ilifungwa ndani ya kitambaa na kupelekwa mjini kwa fundi. Huko Gilgil, kusini-mashariki mwa Nakuru, Shirika la Posta na Simu la Kenya, lililoundwa baada ya Jumuiya ya Afrika Mashariki kuvunjika mwaka wa 1977, lilikuwa na kiwanda chake cha vifaa vya simu, Gilgil Telecommunications Industries. Eneo ambalo wengi hulijua kwa ngano, maziwa na maua lilikuwa, basi, na watu waliozoea harufu ya lehemu, ile metali laini inayoyeyushwa ili kuunganisha waya na shaba.

Bodi yenyewe haikuwa kitu cha kale. Redio za valvu za kizazi kilichotangulia ziliunganishwa waya mmoja mmoja juu ya fremu ya bati, na aliyeuvunja utaratibu huo ni Paul Eisler, mhandisi Myahudi aliyezaliwa Vienna mwaka wa 1907, aliyehamia London mwaka wa 1936 na kuomba hataza, yaani haki ya kisheria ya mvumbuzi, mwaka wa 1943. Njia yake ilikuwa kugandisha karatasi nyembamba ya shaba juu ya ubao usiopitisha umeme, kuchora juu yake kwa wino usioliwa na kemikali, kisha kuitumbukiza katika kemikali inayokula shaba yote isiyofunikwa. Tangu kuzaliwa kwake, kwa hiyo, bodi ilikuwa kitu cha kuchapwa, ndugu wa gazeti na kalenda, na mchoro wake ulikuwa picha kabla ya kuwa kitu kingine chochote.

Fundi aliyehitaji kuunda upya bodi iliyoungua alianza, mara nyingi, na matundu. Aling'oa vipande vyote, akasafisha masizi, akaibana bodi ya zamani juu ya ubao mpya wenye shaba tupu, kisha akapigilia alama ndogo kwa ncha ya msumari kupitia kila tundu, kwa sababu tundu halidanganyi: lipo mahali pake hata kama shaba iliyolizunguka imebanduka kwa moto. Baada ya hapo aliunganisha alama hizo kwa rangi ya kucha au kalamu ya wino usiofutika, huku akiiuliza mita, yaani kipimo cha umeme chenye nyaya mbili, kama tundu hili na lile kweli yameungana. Donge la lehemu lililomwagika hakulichora, na njia iliyokatika aliichora nzima, kwa kuwa alijua ilikotoka na ilikokuwa ikienda. Nakala yake ilikuwa mbaya kwa sura, pengine imepinda kama njia ya mbuzi, lakini umeme ulipita.

Kilichobaki kilikuwa kuitumbukiza bodi katika kloridi ya chuma, unga wa kahawia unaoyeyushwa katika maji na kuchafua kila kitu unachokigusa, kuanzia vidole hadi sinki la nyumba ya kupanga. Jambo hili, ambalo katika miji mingine ni kero tu, Nakuru lina uzito wake, kwa kuwa mji huo umejengwa juu ya mteremko unaoshuka kwenye ziwa lisilo na mto wa kutokea. Maji ya Mto Njoro na ya mifereji ya mji huingia Ziwa Nakuru, na yakishafika hutoka kwa kugeuka mvuke, hali shaba iliyoyeyuka haipai na mvuke huo. Ziwa hilo liliingizwa mwaka wa 1990 katika orodha ya ardhioevu zenye umuhimu wa kimataifa chini ya Mkataba wa Ramsar, na mwaka wa 2011 likawa sehemu ya urithi wa dunia pamoja na maziwa ya Bogoria na Elementaita. Kemikali ya fundi mmoja ni tone tu mbele ya maji taka ya mji mzima, na haitakuwa haki kumbebesha lawama. Lakini mbinu ya kuondoa shaba bila kuiyeyusha ina maana zaidi katika bonde lililofungwa kuliko kando ya bahari.

Mbinu hiyo ni kuchonga. Mashine huzungusha ncha ndogo ya chuma kigumu na kuisogeza kwa vipimo vilivyoandikwa, na asili yake ni kazi ya John Parsons, Mmarekani aliyetafuta namna ya kuchonga umbo la panga za helikopta kwa kufuata orodha ya nambari, wazo ambalo chuo cha MIT kililionyesha likifanya kazi mwaka wa 1952 kwa mashine iliyosoma utepe wa karatasi wenye matundu. Kenya ilijiunga na historia hiyo kwa mlango usiotarajiwa, yaani mradi wa gari la Nyayo Pioneer, ambalo nakala zake za majaribio zilizinduliwa mwaka wa 1990. Gari halikuingia sokoni, lakini mradi ulizaa kampuni ya Numerical Machining Complex katika karakana za reli mjini Nairobi. Mashine ndogo za mezani, zinazofaa kwa bodi, zilikuja baadaye kupitia maabara za ubunifu zilizoenezwa na Neil Gershenfeld wa MIT, mojawapo ikiwa katika Chuo Kikuu cha Nairobi, kilomita zipatazo 160 kutoka Nakuru.

Hapa ndipo picha na njia zilipogongana. Bodi ya zamani ikiwekwa juu ya skana, kompyuta hupata vitone vya rangi vijulikanavyo kama pikseli, na kwa msongo wa nukta 600 kwa inchi kila kitone huwa na upana wa milimita 0.042, kipimo kinachotosha kabisa kwa njia ya shaba ya milimita moja. Picha hiyo hugawanywa kuwa nyeusi na nyeupe tupu, kisha programu kama Potrace, iliyoandikwa na Peter Selinger tangu mwaka wa 2001, hugeuza kingo za vitone kuwa mistari laini yenye hesabu yake. Mistari hiyo husogezwa nje kwa nusu ya upana wa ncha, kwa kuwa mashine haichongi njia yenyewe bali huchimba mfereji pembeni yake ili kuitenga na shaba nyingine. Mwishoni huandikwa amri fupi: G0 ya kusogea hewani, G1 ya kukata kwa mstari ulionyooka, M3 ya kuanza kuzungusha ncha, na X, Y na Z za kutaja mahali. Shaba ya kawaida ina unene wa mikroni 35, hivyo kina cha milimita 0.1 au 0.2 kinatosha.

Makosa ya mnyororo huu hayapigi kelele. Kompyuta haijui ukubwa halisi wa kitu kilichopigwa picha, na kwa sababu hiyo mwangalifu hupima saketi unganishi, kile kipande cheusi chenye miguu kama tandu, ambacho miguu yake huachana kwa milimita 2.54: kikiwa na miguu saba kila upande, kutoka wa kwanza hadi wa mwisho pawe na milimita 15.24, ambazo katika msongo wa 600 ni vitone 360 kamili. Vikiwa 352, mguu wa mwisho hautaingia tunduni. Hatari nyingine ni njia nyembamba inayopenya kati ya miguu miwili. Mabaka ya shaba yanayozunguka matundu, yenye kipenyo cha milimita 1.6, huacha nafasi ya milimita 0.94 katikati yake, na ikipita njia ya milimita 0.3, kila upande hubaki na milimita 0.32 tu, hali ncha iliyozoeleka katika maabara hizo ina upana wa milimita 0.4. Programu ikiona ncha haipiti, haichongi, wala haisemi. Bodi hutoka ikiwa safi kwa macho na imeungana mahali pasipotakiwa. Tena upande wa shaba hutazamwa kutoka chini, hivyo picha iliyochorwa kama inavyoonekana kutoka juu ya vipande lazima igeuzwe kama katika kioo.

Inafaa kukumbuka kwamba ulimwengu wa viwanda uliukwepa mtego huu kitambo. Joseph Gerber, naye Myahudi wa Vienna aliyekimbilia Marekani mwaka wa 1940, aliacha nyuma aina ya faili inayobeba jina lake, ambamo njia huandikwa kama njia, bila kupitia picha ya vitone. Lakini faili hiyo hubaki kwa mtengenezaji. Mwenye mashine ya miaka ya 1980 katika kinu au shamba la maua la Naivasha huwa na bodi iliyoungua tu, na anayemnakilia hulazimika kuanzia kwenye picha, pamoja na madonge yake ya lehemu, mikwaruzo na kivuli cha tundu lililopanuka, ambavyo skana huviheshimu kwa usawa ule ule inaoiheshimu shaba. Kusafisha picha hiyo kitone kwa kitone, huku mita ikiwa mkononi, huchukua muda mrefu kuliko kuchonga, na ndiyo kazi ile ile ya msumari na rangi ya kucha iliyohamia kwenye kioo cha kompyuta. Nakala inapotoka mashinini, ikiwa na vumbi la nyuzi za kioo lisilopaswa kuvutwa puani, huwekwa juu ya bodi ya zamani, zote mbili zikainuliwa kuelekea jua, na tundu lisilopitisha mwanga hutiwa alama kwa kalamu.