Kadi za Hariri za Vita Kuu ya Kwanza

Wanaozidharau kadi za hariri za Vita Kuu ya Kwanza hawakosi hoja. Kadi hizo zilitariziwa Ufaransa kwa mamilioni kati ya 1914 na 1918, zikauzwa nyuma ya mstari wa mapigano zikiwa na bendera za nchi washirika, nembo za vikosi, maua, vipepeo, na salamu za Kiingereza kwa mama au mchumba. Askari alichagua, akalipa, akatuma. Mapenzi gani hayo, wanauliza, yaliyonunuliwa yakiwa yamekwisha kuandikwa, tena yakifanana na ya mwenzake wa handaki lilelile?

Wanasahau jinsi askari wa Uingereza alivyobanwa katika kuandika. Barua yake ya kawaida ilisomwa na ofisa wa kikosi chake mwenyewe, mtu aliyemwamrisha kila siku. Jeshi lilitoa pia kadi rasmi yenye sentensi zilizopigwa chapa tayari: ni mzima, amelazwa hospitali, amepokea barua. Askari alikata zisizomhusu, akatia sahihi na tarehe. Akiongeza neno lake, kadi iliharibiwa. Hapo maneno ya kununua yalikuwa stara. Mume aliyeona haya kuandika neno la mahaba huku akijua luteni atalisoma, aliweza kulituma limeshonwa kwa uzi wa rangi, na luteni asione cha kumcheka. Halafu kuna suala la fedha. Askari wa kawaida wa miguu alianza kwa mshahara wa shilingi moja kwa siku, na kadi nzuri iliweza kuumeza wote. Barua kutoka vitani haikulipiwa stempu, kwa hiyo hakuna aliyelazimika kutumia hata senti.

Pingamizi la pili ni zito zaidi. Inasimuliwa kwamba kadi zote zilikuwa kazi ya sindano ya wanawake wa vijijini, ilhali nyingi zina dalili za mashine za kutarizi zilizoendeshwa kwa mkono, zikirudia nakshi moja katika utepe mrefu uliokatwa baadaye na kubandikwa kwenye kadi. Nakubali, na bila shaka hadithi ya wanakijiji iliwafaa wauzaji. Lakini aliyepokea kadi Leeds au Glasgow hakuitunza kwa sababu ya mshonaji. Aliitunza kwa sababu ya mtumaji, hasa kama nyuma yake palikuwa na mistari miwili ya penseli. Nyingi zilisafiri ndani ya bahasha ili hariri isichafuke, ndiyo maana leo hazina muhuri wa posta.

Zawadi zilizokwenda upande wa pili, soksi, keki, barua za nyumbani, zililiwa, zilichakaa au zilizama matopeni. Kwa hiyo makumbusho yamejaa sauti ya askari, na sifa ya kuihifadhi ni ya mama na wake waliozifungia kadi hizo kwenye albamu.