Mkutano wa Kikuyu na Gharama ya Umoja

Mwezi wa Juni, 1913, wamishonari wa madhehebu kadha ya Kiprotestanti walikutana Kikuyu, karibu na Nairobi, katika kituo cha misheni ya Kanisa la Skotilandi. Miongoni mwao walikuwapo maaskofu wawili wa Kianglikana, William George Peel wa Mombasa na J. J. Willis wa Uganda. Shauri lao lilikuwa kuunda shirikisho la misheni.

Haja yenyewe ilikuwa dhahiri. Misheni zilikwisha kugawana nchi, kila moja na eneo lake. Basi Mkristo aliyetoka kwao kwenda kutafuta kazi mbali alijikuta mgeni mbele ya altare ya Bwana yule yule aliyemwabudu nyumbani. Pia walihofu kwamba Ukristo uliogawanyika hautaweza kushindana na Uislamu. Mkutano ulipokwisha, Askofu Peel aliongoza Ushirika Mtakatifu katika kanisa la Waskoti, na Wapresbiteri na Wamethodisti wakashiriki pamoja na Waanglikana.

Habari ilipofika Unguja, Askofu Frank Weston wa misheni ya U.M.C.A. alighadhibika. Aliwashitaki maaskofu wenzake kwa Askofu Mkuu wa Canterbury, Randall Davidson, akidai wahukumiwe kwa uzushi. Wengi humcheka Weston kuwa mtu wa kung'ang'ania taratibu. Mimi naona si haki. Kwake yeye uaskofu haukuwa cheo tu, bali ndio kiungo kinacholifunga Kanisa na Mitume. Na umoja unaopatikana kwa kunyamazia jambo lililo moyoni mwa imani, aliuona si umoja. Swali lake lingali halijajibiwa.

Davidson alitoa hukumu wakati wa Pasaka, 1915. Aliruhusu wageni wa madhehebu mengine wapokelewe penye dharura, lakini ushirika wa pamoja kama ule wa Kikuyu hakuutaka urudiwe. Mwaka 1918 ulifanyika mkutano wa pili, na Weston mwenyewe alihudhuria. Shirikisho la kanisa halikupatikana. Walichokipata ni muungano wa misheni, ambao matunda yake mojawapo ni Shule ya Alliance, iliyofunguliwa Kikuyu mwaka 1926.

Sisi tulio wanafunzi wa lugha tuna ushahidi wetu. Misheni ya Unguja ilikuwa na Biblia nzima kwa Kiunguja tangu 1891. Ya Mombasa ikapata yake kwa Kimvita mwaka 1914, yaani katikati ya ugomvi ule. Ilibidi kungoja hadi 1952 ndipo itokee Biblia moja ya Kiswahili kwa wote. Miaka mitatu baadaye Waanglikana, Wapresbiteri na Wamethodisti walianzisha rasmi chuo cha pamoja cha kufundisha wachungaji wao huko Limuru. Mazungumzo ya miaka ya 1960, hata hivyo, hayakuzaa kanisa moja.

Twaona basi kwamba shule, chuo na Kitabu viliunganika, lakini meza haikuunganika. Tena tusisahau: katika mabishano yale yote, wenye kusikilizwa walikuwa wamishonari. Mgawanyiko ulizaliwa Ulaya, nao walioubeba hapa ni waumini ambao hawakuulizwa neno. Anayetafuta umoja leo na aanze kwa kumwuliza yule msafiri aliyesimama mlangoni mwa kanisa lisilo lake.