Skrini ya gari ikikataa mguso: Mambo ya kufanya nyumbani kabla ya kumwendea fundi

ZAMANI redio ya gari ilipoharibika, dereva alikosa muziki na taarifa ya habari tu. Leo mambo ni tofauti. Katika magari mengi, skrini ya kugusa iliyo katikati ya dashibodi ndiyo inayoonyesha picha za kamera ya nyuma, ramani na simu, na katika baadhi yake ndiyo inayoongoza hata hewa baridi. Inapoacha kuitikia kidole au inapozimika, dereva anayerudisha gari nyuma katika ua wenye watoto huwa amepoteza jicho alilozoea kulitegemea.

Chombo hiki si kigeni kama inavyodhaniwa, kwani gari la Buick Riviera la Marekani lilikuwa na skrini ya kugusa tangu 1986. Hata hivyo, hapa Kenya magari mengi huingia yakiwa yametumika, hasa kutoka Japani, na kanuni huruhusu gari ambalo halijapitisha miaka minane tangu liliposajiliwa mara ya kwanza. Hivyo basi, skrini hufika ikiwa imekwisha kuguswa na kupigwa na jua kwa miaka kadhaa, na aghalabu maandishi yake ni ya Kijapani.

Mwenye gari anaweza kutatua hitilafu nyingi za skrini nyumbani bila kutumia fedha, mradi aanze na hatua nyepesi na asikimbilie kuchomoa betri. Ushauri wa kuchomoa betri hutolewa ovyo na unaweza kumletea hasara, kama tutakavyoona.

Kwanza, tambua kilichougua. Ikiwa picha inaonekana vyema na vitufe vya pembeni au vya usukani vinafanya kazi, lakini kidole hakisikiki, basi tatizo huenda liko katika tabaka la mguso. Ikiwa picha imeganda na hata vitufe havifanyi kitu, yaelekea ni programu iliyokwama. Skrini ikiwa giza totoro na redio haitoi sauti, shuku umeme. Nayo skrini inayojibonyeza yenyewe bila kuguswa mara nyingi huwa na unyevu, ufa, au tabaka zake zimeanza kuachana kutokana na joto.

Yafaa pia kujua aina ya skrini uliyo nayo. Aina ya kwanza huwa na tabaka mbili nyembamba zinazogusana zinaposukumwa, na kwa hivyo huitikia hata ukucha au kifuniko cha kalamu. Skrini nyingi za magari ya zamani ni za aina hii. Aina ya pili, inayofanana na ya simu za kisasa, huhisi badiliko dogo la umeme linalosababishwa na ngozi ya binadamu inapoigusa, na haitaitikia ukucha wala glavu ya kawaida. Anayelalamika kuwa skrini imekufa huku amevaa glavu hana haja ya fundi.

Hatua ya kwanza ni usafi. Zima gari, kisha pangusa skrini kwa kitambaa laini cha kusafishia miwani kilicholoweshwa maji kidogo tu. Usinyunyizie maji moja kwa moja kwenye skrini, na usitumie dawa ya kusafishia madirisha yenye amonia kwani huharibu utando wa juu. Ikiwa kuna karatasi ya plastiki iliyobandikwa juu ya kioo, ibandue. Plastiki iliyojaa mapovu inatosha kuzuia mguso.

Hatua ya pili ni kuwasha upya. Chomoa waya wa simu na kifaa chochote kilichounganishwa, zima gari, fungua na ufunge mlango, kisha ungoje dakika chache. Hilo lisipofaulu, tumia njia ya mtengenezaji. Kwenye magari ya Ford yenye mfumo wa SYNC 3, hubonyezwa kitufe cha kuwasha redio pamoja na cha kusogeza stesheni mbele kwa takriban sekunde 10. Kwenye Tesla, hushikiliwa magurudumu mawili madogo ya usukani hadi skrini iwe nyeusi. Kwa magari mengine, fuata kitabu cha maelezo. Fanya hivyo gari likiwa limeegeshwa.

Ikiwa skrini inasikia mguso ila inafungua kitu kilicho kando ya ulipobonyeza, haijafa. Skrini za aina ya kwanza hupoteza shabaha kadiri miaka inavyopita. Nyingi huwa na ukurasa wa marekebisho katika mipangilio, ambapo hutakiwa kugusa alama kadhaa kwa mpangilio.

Hatua ya tatu ni fyuzi, hasa skrini ikiwa giza kabisa. Tafuta kisanduku cha fyuzi, soma mchoro ulio kwenye kifuniko na uchomoe ile ya redio. Ikiwa uzi wake umekatika, weka nyingine yenye kipimo kile kile. Nyekundu ni ya ampea 10, samawati ni 15 na ya manjano ni 20. Kamwe usiweke yenye nguvu zaidi, kwani fyuzi huwekwa ili iungue kabla ya nyaya kuungua. Pima pia betri. Ikiwa salama na gari limezimwa, huwa na takriban volti 12.6. Betri dhaifu huweza kuivuruga skrini hata wakati injini bado inawaka.

Sasa tuje kwenye kuchomoa betri. Ni kweli kwamba kukata umeme kwa dakika 10 au 15 huondoa mkwamo katika magari mengi. Hata hivyo, baadhi ya redio za Toyota zilizotengenezewa soko la Japani hujifunga umeme unapokatika, kama kinga dhidi ya wezi. Umeme ukirudi, kifaa hudai kadi ya SD yenye ramani au nambari maalumu ya kukifungulia. Kadi hiyo mara nyingi hukaa nyuma ya uso wa skrini, na wako wanaoitoa ili watumie nafasi yake kwa muziki. Hakikisha ipo kabla ya kugusa betri. Isipokuwepo, usikate umeme. Ukikata, anza na waya wa hasi, na urudishe huo mwisho. Katika magari ya mseto, usiguse kamwe nyaya za rangi ya machungwa, kwani hubeba umeme wa kuua.

Hatua hizo zote zikishindikana, imebaki kukifungua kifaa. Mwenye mkono mtulivu anaweza kubadilisha tabaka la mguso la aina ya kwanza kwa bisibisi, spana ndogo na kibanzi cha plastiki. Piga picha ya kila plagi kabla ya kuichomoa, na usivute utepe wa nyaya kwa nguvu. Pima kioo kutoka kona hadi kona, hesabu njia za utepe wake na uangalie unatokea upande gani, kisha ununue kinachowiana. Katika skrini nyingi za aina ya pili, mguso na picha vimegandishwa pamoja, na ni salama kubadilisha zote mbili kwa pamoja.

Kuna maradhi mengine yasiyoonekana kwa macho. Mnamo Februari 2021, Tesla iliita takriban magari 135,000 ya Model S na Model X nchini Marekani kwa sababu kumbukumbu ya kompyuta inayoendesha skrini ilichakaa kwa kuandikwa mara nyingi, na kamera ya nyuma ikapotea. Kusafisha kioo hakuwezi kutibu ugonjwa wa namna hiyo.

Anayenunua kifaa kizima kilichotumika, iwe Kirinyaga Road jijini Nairobi au kwingineko, adai risiti na akijaribu kabla ya kulipa. Redio zilizofungwa kwa nambari huuzwa pia, na mnunuzi hugundua akiwa nyumbani.

Hadi skrini itakapopona, tumia vioo vya pembeni na uzunguke gari kwa miguu kabla ya kurudi nyuma. Hata skrini iliyo nzima haioni kila pembe.