Upon This Rock: Ngoma za 1969 zilizoambia kanisa kwamba rock si mali ya shetani

Kama umewahi kucheza ngoma ya injili kwa nyumba na mzazi akauliza, "Na hii nayo ni gospel gani?", jua hiyo vita si ya juzi. Kabla ya genge na kapuka, kabla hata hip hop haijazaliwa, kuna kijana wa miaka 22 Marekani alichukua gitaa, nywele zikiwa zimefika mabegani, akaingia studio kubwa na kuimba kuhusu Yesu kwa mziki ambao mapasta wengi waliita wa shetani. Jina lake Larry Norman. Albamu inaitwa Upon This Rock, na leo tunakupa stori yake yote.

Kwa haraka

- Msanii: Larry Norman (1947–2008)
- Ilitoka: Desemba 1969
- Lebo: Capitol Records
- Prodyuza: Hal Yoergler
- Sifa yake: wengi huitaja kama albamu ya kwanza ya rock ya Kikristo
- Ukikosa muda, skiza hii tu: I Wish We'd All Been Ready

Larry Norman ni nani?

Alizaliwa Aprili 8, 1947 huko Corpus Christi, Texas, lakini akalelewa California, upande wa San Francisco. Katikati ya miaka ya 60 akajiunga na bendi iliyoitwa People! (ndiyo, na hiyo alama ya mshangao ni sehemu ya jina). Mwaka wa 1968 waliomoka na kibao I Love You, ambacho kilikuwa kimeimbwa kwanza na The Zombies wa Uingereza. Version ya People! ilifika nambari 14 kwenye chati ya Billboard Hot 100. Hiyo si mchezo, hasa ukikumbuka ni enzi za The Beatles na The Rolling Stones.

Ungedhani mtu akishafika hapo anatulia ale matunda. Norman alijitoa mwaka huohuo. Alikuwa ameamua mambo ya imani yake hayatakaa chini ya meza, na ndani ya bendi mambo ya dini yalikuwa yamewagawanya. Akahamia Los Angeles, akawa anatembea Hollywood Boulevard akiongea na mahipi, watoto waliotoroka kwao na mateja. Capitol wakamrudisha, kwanza kama mtunzi wa michezo ya jukwaani ya mziki, halafu wakampa nafasi ya kurekodi albamu yake mwenyewe.

Hebu tuweke hilo sawa. Capitol ndiyo lebo iliyokuwa ikitoa mziki wa The Beatles na The Beach Boys kule Marekani. Haikuwa studio ya kanisa nyuma ya ofisi ya pasta. Ndiyo maana hii albamu ina uzito.

Jina lenye maana mbili

Ukisoma Mathayo 16, utakuta Yesu akimwambia Petro kuhusu mwamba ambao kanisa litajengwa juu yake. Kwa Kiingereza mwamba ni "rock". Na rock pia ni ule mziki. Kwa hivyo kichwa cha albamu kilikuwa kinasema vitu viwili kwa pamoja: kanisa limejengwa juu ya mwamba, na hapa mimi najenga juu ya rock. Kwa Kiswahili huo mchezo wa maneno unapotea, lakini kwa vijana wa 1969 ujumbe ulifika bila kuelezewa.

Ndani ya albamu kuna nini?

Kwanza, sauti. Waliopiga vyombo hawakuwa kwaya ya mtaa. Kulikuwa na Hal Blaine kwa drums, Joe Osborn kwa bass na Larry Knechtel kwa kinanda. Hawa ni sehemu ya kundi la wapigaji wa studio wa Los Angeles linalojulikana kama Wrecking Crew, watu waliopiga kwenye hits kibao za miaka ya 60 bila majina yao kujulikana na mashabiki.

Pili, maneno. Norman hakuimba kwa lugha ya vitabu vya nyimbo. Moses in the Wilderness inasimulia stori ya Musa kwa mzaha, kama vile msee anakuhadithia akiwa kwa base. Forget Your Hexagram inawachapa wale waliokuwa wanatafuta majibu ya maisha kwa ramli na utabiri, kitu kilichokuwa fashion kali California wakati huo. Ha Ha World na The Last Supper zina ule wazimu wa rock ya mwisho wa miaka ya 60, picha zinaruka huku na kule. Halafu Sweet Sweet Song of Salvation ni ile ya kuimba pamoja, na ndiyo iliyoshika haraka kwenye vikundi vya vijana wa makanisa.

Ile ngoma ya unyakuo

Lakini kuna moja iliyozidi zote. I Wish We'd All Been Ready ni ngoma ya polepole kuhusu unyakuo: watu wanatoweka ghafla, wengine wanabaki wakijuta kwamba hawakuwa tayari. Picha zake zimetoka Mathayo 24. Hakuna fujo ya gitaa hapo. Ni huzuni tu, na ndiyo inayokukamata.

Elewa hali ilivyokuwa. Vita vya Vietnam vilikuwa vinameza vijana. Martin Luther King Jr. na Robert Kennedy walikuwa wameuawa mwaka mmoja kabla. Bomu la nyuklia lilikuwa hofu ya kila siku. Kijana akiskia wimbo kuhusu mwisho wa dunia, hakuona ni hadithi.

Mwaka wa 1972 ngoma hiyo iliwekwa kwenye filamu A Thief in the Night, ile movie ya unyakuo iliyooneshwa makanisani kwa miaka mingi na kuwatoa watoto wengi jasho usiku. Norman aliirekodi tena kwa albamu yake ya 1972, na miaka ya 90 DC Talk wakaifanyia cover. Kama ulikulia kwa nyumba ya waliookoka na umewahi kuamka ukute hakuna mtu sebuleni, ukadhani umeachwa, unajua kabisa huo wimbo unaongea kuhusu nini.

Kwa nini ilianguka sokoni?

Hapa ndipo stori inauma. Albamu haikuuza kama Capitol walivyotaka, na wakamwacha. Shida ilikuwa hii: kwa maduka ya rock, hii ilikuwa ya kanisa mno. Kwa maduka ya kanisa, ilikuwa rock mno. Msanii akabaki katikati kama abiria aliyeshushwa kwa stage isiyo na matatu.

Mwaka wa 1970 lebo ya Impact, iliyokuwa ya mziki wa injili, ikaichukua na kuisukuma kwa maduka ya vitabu vya Kikristo. Huko ndiko ilianza kupata watu wake, mkono kwa mkono, kikundi cha vijana kwa kikundi.

Wapinzani hawakukosa. Wahubiri kadhaa walikuwa wakisema beat ya rock yenyewe ni ya shetani, hata ukiweka maneno gani juu yake. Kejeli ni kwamba rock ilikuwa imetoka kwa kanisa tangu mwanzo, hasa makanisa ya Wamarekani weusi. Sister Rosetta Tharpe alikuwa anapiga gitaa la umeme akiimba injili miaka ya 40, na Strange Things Happening Every Day ni moja ya rekodi ambazo wanahistoria hutaja wakitafuta mizizi ya rock and roll. Little Richard na Elvis wote walikulia kwenye hizo sauti. Kwa hivyo Norman hakuleta kitu kigeni kanisani. Alikuwa anarudisha mtoto nyumbani, ila sasa mtoto amefuga nywele.

Je, kweli ni ya kwanza?

Hapa lazima tuwe fair. Jeshi la Wokovu la Uingereza lilikuwa na bendi yake ya gitaa, The Joystrings, tangu 1964. The Crusaders wa Marekani walitoa albamu ya Kikristo yenye drums na gitaa mwaka wa 1966. The Electric Prunes walifanya misa ya Kilatini kwa mtindo wa rock mwaka wa 1968. Kwa hivyo ukisema "ya kwanza" mbele ya mtu anayejua, jiandae kwa mjadala.

Tofauti ya Upon This Rock ni kwamba ni msanii mmoja, akitunga mwenyewe, kwa lebo kubwa, akiongea na vijana wa rika lake kuhusu Yesu kwa lugha yao. Huo ndio mfumo uliofuatwa na waliokuja nyuma yake.

Baada ya hapo

Harakati ya vijana wa Yesu, wale walioitwa Jesus People, ililipuka. Juni 1971 jarida la Time liliweka stori yao kwa kava. Mwaka wa 1972 Norman alikuwa kwenye mkutano wa Explo '72 kule Dallas, tukio ambalo pia lilikuwa na Billy Graham na Johnny Cash. Mwaka huohuo alirekodi London albamu Only Visiting This Planet, ambayo wengi wanaiona kama kazi yake bora. Mwaka wa 2014 Maktaba ya Bunge la Marekani iliiweka kwenye orodha ya rekodi za kuhifadhiwa kitaifa. Mwaka wa 2001 aliingizwa kwenye Gospel Music Hall of Fame. Mtu aliyeonekana tishio kwa kanisa akapewa kiti cha mbele.

Lakini hakuwa malaika. Lebo yake, Solid Rock, iliishia kwa mivutano na wasanii aliowasaini, na kufikia 1980 ilikuwa imesambaratika. Afya yake ilimsumbua miaka mingi, na alifariki Februari 24, 2008 huko Salem, Oregon, akiwa na miaka 60.

Na huku kwetu?

Maswali ni yaleyale. Kuna Dawa ya Esther Wahome ilipoanza kuchezwa hadi kwenye klabu, kuna waliofurahi na kuna waliokasirika. Juliani alipotoka Ukoo Flani na kuanza kurap kuhusu imani kwa lugha ya Dandora, kuna waliouliza kama hiyo ni injili. Norman alilipa bei ya hilo swali mapema: alipoteza lebo kubwa, na kwa muda hakukubalika na upande wowote.

Ukitaka kumjua, anza na I Wish We'd All Been Ready, ufuate na Sweet Sweet Song of Salvation, halafu umalize na Forget Your Hexagram. Usitegemee sauti ya siku hizi, ni mziki wa zaidi ya miaka 50. Skiza maneno. Halafu siku ile mtu atakuambia kwamba beat yako haiwezi kumsifu Mungu, utakuwa na jibu lenye mwaka na jina.